Picha ya Marehemu Bibiane

Niliukuta msalaba wangu kabla ya kuikuta nyumba yangu. Ulikuwa umesimama uani, kati ya choo na jiko ninalopikia mandro, umepakwa chokaa na kuandikwa kwa rangi nyeusi. Sijui kusoma. Nyumbani kwetu walipelekwa shule kaka zangu, mimi nikapelekwa mtoni. Lakini jina langu nalijua kwa sura, kama mtu anavyomjua mbuzi wake kati ya mbuzi wa watu, kwa sababu marehemu mume wangu Floribert aliliandika kwa mkaa ukutani siku tuliyomaliza kujenga. Nilisimama nje ya ua wa matete nikalitazama. Bibiane. Mimi hapo, nimekufa, na kuku wa mtu nisiyemjua anachakura juu yangu.

Mimi ni mtu wa Mambasa, mtu wa msituni kama watu wa Bunia wanavyopenda kusema. Floribert alikuwa mpakiaji wa malori, akanikuta kwetu akanileta Bunia. Hatukupata mtoto. Nilipika mandro, pombe yetu ya mahindi, na kila tofali la ile nyumba lilitoka ndani ya pipa la mandro. Floribert mwenyewe alikuwa akiwaambia watu: "Nyumba hii imejengwa na mwiko." Kisha lori likampindukia njia ya Komanda, nikabaki na nyumba, mapipa na shemeki yangu.

Shemeki yangu Fulgence, ndugu wa marehemu, ndiye mkubwa wa ukoo wao. Kila Jumapili alikuja kukaa kwenye kiti cha marehemu, kunywa mandro yangu, na kunifundisha namna ya kuipika, yeye ambaye hajawahi kushika mwiko. Nikimjibu neno, alikuwa na dawa moja tu: "Bibiane, nyamaza!" Alisema hivyo bila hata kunitazama, kama mtu anayefukuza nzi. Alisema mara nyingi hata watoto wa mtaa wakafanya mchezo. Mmoja anakuwa Fulgence, mwingine anakuwa mimi, wanacheka mpaka wanaanguka.

Vita vilipoingia Bunia nilikuwa na uvimbe tumboni. Nikaenda hospitali ya Nyankunde kupasuliwa. Kidonda kilikuwa bado kibichi siku wenye mapanga na bunduki walipofika kule. Sitasimulia niliyoyaona. Aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo hana haja ya kuyabeba. Nilitoka nimeshika tumbo kwa mikono miwili, nikatembea na wengine porini mpaka Oicha. Huko nililima mashamba ya watu, kwa sababu njia ilikuwa imefungwa na kila kizuizi kilikuwa na mwenyewe. Njia ilipofunguka kidogo, mwaka uliofuata, nikapanda juu ya lori la mbao nikarudi. Bunia ilikuwa imejaa magari meupe ya askari wa kigeni, na risasi bado zilisikika upande wa vilima. Sikujali. Nilikuwa nawaza mapipa yangu.

Nikiwa bado nimesimama nje ya ua, akatoka mwanamke kijana, amefunga kikwembe changu cha ndege wa buluu, kile nilichofungia ndoa.

"Mama, unatafuta nani?"

"Natafuta mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba njo papa Fulgence. Mi ni bibi yake wa pili, Vanessa."

"Na huyu?" Nikaonyesha msalaba.

"Ule njo bibi ya ndugu yake. Alikufa Nyankunde. Mungu amupokee."

"Amina," nilisema. "Na kikwembe chake kinakupendeza."

Fulgence akatoka. Aliniona. Usiniambie hakunijua. Kikombe alichoshika kilimwaga chai kwenye kiatu chake, na macho yake yalikwenda haraka kutoka kwangu mpaka kwenye msalaba, kutoka kwenye msalaba mpaka kwenye nyumba. Yalipofika kwenye nyumba, yakatulia. Akanyoosha mgongo.

"Mama, weye ni nani?"

"Shemeki, acha mchezo. Niondolee mti huu uani kwangu."

"Mi sikujui. Bibi ya ndugu yangu tulimuzika. Batu wote beko na ushahidi."

Watu walikuwa wameanza kutoka majumbani. Jirani yangu Adeline, anayeniita yaya kama dada yake mkubwa, ambaye nimemsuka nywele na kumzalisha mtoto wake wa mwisho, alifika na beseni la nguo kichwani. Aliponiona, beseni likaanguka.

"Yesu! Yaya Bibi! Weye ulikufa!"

"Naonekana nimekufa?"

"Lakini tulikulilia! Tulikulilia vizuri, yaya! Tulikula mbuzi yako!"

Hapo ndipo Fulgence alipopata njia. Aliinua mkono kama padri.

"Munasikia? Adeline anasema huyu njo Bibiane. Basi semeni pamoja naye. Lakini mujue kama huyu njo Bibiane, siye wote tulikula mbuzi ya matanga ya mutu muzima."

Watu wakarudi nyuma hatua moja. Kwa ukoo wa mume wangu, na mtaa mzima ulikuwa umeshaambukizwa imani yao, anayekula nyama ya matanga ya mtu aliye hai amemwibia kifo. Kifo kitakuja nyumbani kwake kutafuta fungu lake. Na mwaka ule, Bunia, nani alitaka kukipa kifo sababu nyingine ya kubisha mlangoni? Niliwatazama mmoja mmoja. Wanaume waliokuwa wakinywa kwangu walitazama vidole vya miguu yao. Adeline aliinama akaokota nguo zake zenye matope. Hakuna aliyesema jina langu tena.

Nilikwenda kwa shefu wa mtaa, mzee Mathieu. Yeye angalau hakunifukuza. Alinipa kiti, akanitazama kwa huzuni, akavuta ugoro.

"Mwanangu, mi niko nakuona. Macho yangu haijakufa. Lakini mi mwenyewe nilishuhudia. Hakukuwa na mwili, walizika shina la mugomba ndani ya kikwembe chako, na mukubwa wa ukoo akatupa udongo wa kwanza."

"Basi mfukue mgomba, mzee. Mimi nimerudi."

"Haifukuliwi. Kwa bale batu, mutu aliyezikwa iko na njia mbili. Ya kwanza, apite nyuma ya nyumba na majivu kichwani, apewe jina mupya, kama mutoto amezaliwa. Fulgence alishanituma nikuambie. Anakubali hiyo leo leo. Utakula, utalala."

"Na nyumba?"

Mzee Mathieu alipiga chafya kwanza.

"Mutoto hana nyumba, mwanangu. Mutoto anakaa kwa baba yake."

Basi nilielewa. Fulgence alitaka nizaliwe upya, nikiwa na mvi zangu hizi, nimuite baba, nilale jikoni kwangu mwenyewe na kumpikia pombe.

"Na njia ya pili?"

"Ya pili, ule aliyetupa udongo wa kwanza akuite kwa jina lako mbele ya batu. Akishakuita, kaburi inakuwa uongo, na hakuna mutu anaweza kukukatalia chako. Lakini Fulgence hawezi kufungua kinywa. Siyo mujinga."

"Mzee, mimi sikufa. Sitazaliwa."

"Fikiri, mwanangu. Majivu inanawiwa."

Watu wa amani wako hivyo. Wanakushauri unawe kitu ambacho wao hawajapakwa.

Nililala kwa Adeline, kwa sababu hakuweza kunifukuza na hakuweza kunitazama. Aliweka sahani yangu mbele yangu huku amegeuza uso. Alikuwa anaogopa watoto wake wafe.

"Yaya, kubali tu," aliniambia asubuhi, akizungumza na ukuta. "Ni jina tu. Mi nimeitwa majina mingapi na mume wangu?"

"Ulikula nyama kiasi gani?"

"Paja," alisema, akaanza kulia. "Nilikuwa nakupenda sana."

Sikutaka kucheka lakini nilicheka. Naye akacheka, akajisahau akanitazama. Tangu hapo akawa wangu. Ndipo akaniambia habari ya picha.

"Uko pale kwenye galeri, yaya. Mukubwa namna hii. Vital alikuchora kwa ajili ya matanga, kisha bazungu bakaipenda."

Galeri ilikuwa ghala la zamani la kahawa, karibu na barabara kubwa. Shirika moja la wageni lilikuwa limelipaka chokaa ili kutundika picha za watu wa Ituri, watu wapite na kutazama yaliyotupata, kana kwamba tulikuwa tumesahau. Vital mwenyewe nilimjua toka zamani. Kabla ya vita alichora vibao vya wanyozi na ng'ombe kwenye milango ya mabucha. Vita vilipochoma nyumba, picha za watu ziliungua pamoja na nyumba, na familia zikaanza kumwendea: tuchoree marehemu wetu. Basi alitafuta mtu aliye hai mwenye pua ya marehemu, mwingine mwenye paji la uso lake, akawakalisha, akawaunganisha. Alichora juu ya magunia ya unga wa msaada, yaliyoshonwa pamoja na kupakwa uji mzito wa muhogo. Kwangu mimi hakuhitaji pua ya mtu. Alikuwa amekunywa mandro yangu miaka mingi.

Tulimkuta anapiga misumari. Aliponiona alikaa chini, pu, juu ya debe la rangi.

"Mama Bibiane?"

Nilimtazama vizuri. Alikuwa mtu wa kwanza kulisema jina langu bila kuangalia nyuma yake. Alikuwa mgeni, mtu wa Butembo, na siku ya mbuzi alikuwa na homa, hakula.

"Nionyeshe maiti yangu," nilisema.

Ilikuwa kubwa kweli, kimo cha mtu. Alikuwa amechora mlango wa nyumba yangu, ubao wake wa kijani, matofali, pipa pembeni, hata ufa ulio juu ya dirisha. Na mlangoni nimesimama mimi. Mikono imekutana tumboni. Kinywa kimefungwa. Macho yanatazama chini, na machozi mawili shavuni. Chini kulikuwa na maandishi, Adeline akanisomea: "Marehemu Bibiane, mama mpole."

Nasema kweli, msalaba haukuniuma kama yale machozi.

"Vital, uliniona lini nikilia?"

"Sijawahi, mama."

"Uliniona lini nikitazama chini?"

Akafikiri. "Siku ile ulipoangusha sindano."

"Usinichekeshe. Umeniua wewe. Fulgence alizika mgomba, lakini wewe ndiye uliyewapa watu uso wa kulilia."

Alisimama. Aliumia, niliona.

"Mi nilikuchora macho juu, mama. Mudomo wazi, mukono kiunoni, namna ulivyokuwa ukitufukuza tukilewa. Lakini desturi ni mukubwa wa familia apite kutazama mbele ya rangi kukauka. Papa Fulgence alikuja. Akasema, inamisha macho. Akasema, funga mudomo. Akasema, weka machozi. Ni yeye alileta gunia ya kuchorea."

Nilisogea nikamgusa yule mwanamke shavuni. Alikuwa mkavu, mgumu kama ngozi ya ngoma. Nilimchukia. Nilimchukia kuliko Fulgence, maana Fulgence angalau ni mtu. Huyu alikuwa ndiye Bibiane waliyemtaka tangu siku nilipoingia Bunia, na sasa walikuwa wamempata, na nyumba yangu walikuwa wamempa Vanessa.

"Watu watakuja lini kutazama?"

"Jumamosi asubuhi. Bakubwa wote. Papa Fulgence atasema neno, kama familia ya marehemu. Bazungu njo walimuomba."

"Na mzee Mathieu?"

"Ataketi mbele."

"Chukua wembe," nilisema. "Mtoe huyu mwanamke mlangoni kwangu."

Alikataa. Alisema ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alisema wageni watakasirika. Alisema hajawahi kukata picha. Nikamwambia: "Vital, umewahi kuona mtu anayerudi kwake akakuta mtu mwingine amesimama mlangoni na uso wake?" Aliitazama picha, akanitazama mimi. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini chini, kile cha mwanamume anayeona pombe inakuja. Akatafuta wembe.

Jumamosi Adeline alinivalisha kikwembe ambacho Vital alikuwa amekipaka rangi ileile ya picha, hata mikunjo yake. Kisha Vital akachukua udongo, uji wa muhogo na rangi ya kahawia, akanipaka uso, shingo na mikono. Ilipokauka ilinivuta ngozi kama mkono wa mchawi.

"Usicheke, mama," alisema. "Ukicheka utapasuka."

"Sina cha kunichekesha."

Nilisimama kwenye tundu la magunia, nyuma yangu wametundika kitambaa cheusi. Ghala lile lina madirisha madogo juu kabisa, na mwanga wake ni kama wa kanisani. Mbele yangu walikuwa wamefunga kamba ili watu wasiguse. Niliweka mikono tumboni. Macho yangu niliyaweka chini kidogo, nikayasamehe kwa siku moja.

Walikuja. Wageni wenye vitabu mikononi, wenye mashati ya mifuko mingi. Mzee Mathieu na fimbo yake. Watu wa mtaa wangu, wale wa mbuzi, wamevaa nguo za Krismasi. Mama mmoja alisimama mbele yangu akasema: "Vital ni mukali! Angalia, mutu anaweza kusema anapumua." Mume wake akajibu: "Marehemu alikuwa mubaya zaidi kidogo." Huyo nilimweka moyoni. Alikuwa na deni la kikombe.

Fulgence aliingia na suti ya Floribert na utepe mweusi mkononi. Vanessa alikuja nyuma na leso ya kumfuta. Fulgence alisimama kando ya picha, mgongo wake karibu na mimi kiasi kwamba nilisikia harufu ya mafuta ya nywele zake. Mlangoni, Adeline alikuwa anatafuna ukucha.

"Bakubwa, ba mama na ba papa," alianza Fulgence. "Huyu munaona hapa alikuwa dada yangu. Mi sisemi shemeki. Dada. Alikuwa mupole. Tangu aingie kwa familia yetu, hakumujibu mukubwa hata siku moja."

Nyuma mtu alikohoa. Mzee Mathieu alitazama fimbo yake.

"Alikuwa mutu wa msituni, hakujua kitu. Siye njo tulimufundisha kuishi na batu. Nyumba hii munaona kwenye picha, familia njo ilimujengea, juu ya huruma."

Niliuma ulimi. Nilihisi udongo unatikisika kwenye taya. Vital, aliyesimama ukutani, alinitazama kwa macho ya kusihi: bado, bado. Tulikuwa tumepatana kwamba nisubiri amalize, kisha nitoke nimkabili uso kwa uso, na kumshika koo ikibidi mpaka aniite. Sikuwa na mpango mwingine. Ningesubiri, kweli ningesubiri. Lakini Fulgence alifuta jicho lake kavu, akasema:

"Na ile mandro yake, muliyoipenda wote? Mi njo nilimufundisha kuipika."

"Weye?" nilisema. "Weye ambaye hata maji unaunguzaka?"

"Bibiane, nyamaza!" alisema Fulgence.

Hakugeuka. Hata hakuacha kufuta jicho. Alisema kama alivyosema kila Jumapili kwa miaka yote ile, mkono ukifukuza nzi, na akaendelea: "Kama nilivyosema, pombe hiyo..."

Hapo akanyamaza.

Nilisikia kuku nje. Kisha mgeni mmoja mwanamke akapiga kelele, maana uso wangu ulikuwa umepasuka kuanzia mdomoni, na vipande vya udongo vilikuwa vinaanguka kifuani kwangu, na macho yangu yalikuwa juu. Watu wa mbuzi walikimbilia mlangoni wakakwama wote pamoja. Mtu akaita Bikira Maria, mwingine akamkanyaga aliyeita. Mimi nikaweka mkono kiunoni.

"Musikimbie!" ilikuwa sauti ya Adeline, amekaza miguu mlangoni kama mlinda lango. "Mutu asitoke! Musikie kwanza!"

Mzee Mathieu alisimama polepole juu ya fimbo yake.

"Fulgence, umemuita."

"Nani? Mi? Nilimuita nani?"

"Bibiane. Kwa jina lake. Mbele ya batu."

"Mi nilikuwa nasema na picha!"

"Nani anaambiaka picha nyamaza?" aliuliza mzee.

Kicheko kilianza kwa Vital, kikaenda kwa mwanamke aliyesema Vital ni mkali, kikaenda mpaka kwenye lile rundo la watu mlangoni. Mtoto mmoja akaiga, "Bibiane, nyamaza!" na mwenzake akajibu kwa sauti yangu, mkono kiunoni. Mchezo ulikuwa haujafa. Fulgence alikuwa anafungua na kufunga kinywa kama samaki wa ziwani Tchomia ndani ya kikapu. Wageni walidhani ni maigizo yaliyopangwa. Walipiga makofi.

Lakini mzee mmoja wa ukoo alipaza sauti: "Na mbuzi? Kama iko muzima, siye tuliokula itakuwa namna gani?"

Kicheko kikakatika. Niliwajibu kutoka pale pale mlangoni pangu pa magunia.

"Mbuzi mlikula. Na leo mko hapa, mmevaa vizuri, mnanuka mafuta. Nyankunde niliwaona watu ambao hawakula mbuzi wa mtu, wako wapi? Kifo kilipita mbele yangu nikiwa nimeshika matumbo yangu kwa mikono, kikanitazama, kikapita. Hakikuuliza nani alikula nini. Kwa hiyo msinitishe na mbuzi. Anayeogopa, aogope nyumbani kwake. Mimi nakwenda kwangu."

Nikainua mguu nikatoka kwenye picha, nikavuka kamba. Fulgence alirudi nyuma mpaka ukutani, ingawa sikumgusa. Sikutaka hata udongo wangu umwangukie.

Nilipita barabara kubwa mchana, uso nusu mtu na nusu picha. Askari wa kigeni juu ya gari lao waligeuza vichwa. Watoto walinifuata wakiimba lile neno la Fulgence, mzee Mathieu nyuma yangu kama shahidi, Adeline mbele akifukuza mbwa. Nilifika kwangu. Njia ya nyuma ilikuwa wazi, na majivu yalikuwa yamewekwa tayari kwenye kigae, Fulgence alikuwa na hakika namna hiyo. Nilikipiga teke kile kigae. Nikapita mlango wa mbele.

Vanessa alifunga vitu vyake jioni ileile. Alinirudishia kikwembe cha ndege wa buluu kimekunjwa.

"Mama, ile sufuria mukubwa imetoboka. Siyo mi."

"Najua. Ilitoboka wakati wa Floribert."

"Unisamehe."

"Sijui bado," nilimwambia. Ndio ulikuwa ukweli. Watu wanapenda mtu aliyerudi kutoka kwa wafu awe na moyo mweupe. Mimi nilirudi na moyo uleule, na kovu juu.

Vital alikuja kuomba yule mwanamke wa machozi, amshone tena. Nilimwambia amechelewa, nimemkata vipande vya kufunikia mapipa. Magunia ni mazito, yanashika joto vizuri. Basi alibaki na mlango mtupu, akautundika hivyo hivyo, na nasikia watu bado wanasimama mbele yake wakisubiri.

Mandro yangu ya kwanza niliipika kwa kuni za msalaba. Ulikuwa wa mbao nzuri, mkavu, na jina langu liliwaka la mwisho. Watu walisikia harufu wakaanza kusogea uani mmoja mmoja, macho chini, wale wale wa mbuzi. Niliweka sheria moja tu, nikaisema kwa sauti ili isikike mpaka barabarani: hapa hakuna anayekunywa kabla ya kuniita kwa jina. Siyo mama, siyo yaya, siyo weye. Jina.

Wote waliita. Adeline aliita mpaka sauti ikakauka.

Fulgence alijikaza wiki nyingi. Alipita barabarani, alirudi, alipita tena. Jumapili moja ya jua kali aliingia, akatafuta kiti cha Floribert, akakuta nimekikalia mimi. Akasimama mbele ya pipa. Wanywaji walishusha vikombe.

"Bibiane," alisema, kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa. "Unipe kikombe."

Nilishika mwiko nikakoroga taratibu, kama sijasikia mtu.

"Rudia," nilimwambia.